Goti Nimelifunga kwa Amerikani

Temeke, Ijumaa, baada ya alasiri. Jua kali, upepo hakuna.

Daftari langu, salaam. Mie sijui kuandika bila kuanza na salamu, ndivyo tulivyofundishwa kwenye kisomo cha watu wazima. Basi Baba Hadija hajambo, katoka msikitini kalala. Mama mkwe hajambo, ila kikohozi. Hadija hajambo, Juma hajambo, Asha mdogo jino linamwota na halali. Mie mwenyewe mzima, isipokuwa goti la kulia.

Kesho kina mama wa kisomo tunashindana mbio kiwanjani, nami nimejiandikisha.

Baba Hadija kasema mwanamke mwenye watoto watatu na goti bovu anakimbilia nini. Nilimpakulia wali, nikamzidishia mchuzi, ila jina langu sikulifuta.

Acha niseme kweli. Mwaka jana, kwenye mbio hizihizi, nilianguka mbele ya watu wote, kanga huku, mie kule. Nikasema nimesukumwa. Hakuna aliyenisukuma. Niligeuka nyuma kuona kama Hadija ananitazama, nikajikwaa. Goti limeanzia hapo.

Na tangu siku ile Hadija hakimbii tena. Yeye aliyekuwa akiwaacha wavulana! Shuleni wanamwita mtoto wa mama mweleka. Mwalimu akimwita mbioni, anasema tumbo linamuuma. Mie ndiye niliyelizaa, tumbo lile najua halina kitu.

Hilo ndilo linaloniuma. Goti nalivumilia.

Juzi nilikwenda zahanati. Dresa, mfunga vidonda wa pale, akanibandika plasta, akaniambia nipumzike mwezi mzima. Plasta ikabanduka kwa jasho kabla sijafika nyumbani, na mwezi wa kupumzika sina. Leo asubuhi nikachana kitambaa cha amerikani, upana vidole vinne. Nikakaa mkekani, miguu nimeinyoosha kama tunavyokaa siku zote, nikazungusha, nikakaza. Nikatembea uani kama askari.

Ikaja adhuhuri. Kurukuu nikarukuu, lakini kwenda kusujudu goti likagoma, kisha kitambaa kikachanika, kila mtu akasikia. Mama mkwe pembeni yangu akakigeuza kicheko kuwa kikohozi.

Hapo nikafahamu kosa langu. Nilikuwa nimelifunga goti lililonyooka, na hakuna mtu anayekimbia na goti lililonyooka. Nikakaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, goti nimelikunja kidogo, nikafunga upya: mzunguko mmoja juu ya pia ya goti, mmoja chini yake, vikipishana kwa nyuma, na pia yenyewe nikaiacha wazi ipumue. Alasiri nikasali rakaa zote nne, nikakaa tahiyatu mpaka mwisho. Kitambaa kimya.

Akapita jirani yangu Mama Sikudhani, aliyeshinda mwaka jana. Yeye Mnyamwezi, mie Mzaramo, kwa hiyo ni mtani na mdomo wake hauna mlango. Akautazama ule weupe mguuni.

“Mtani, naona goti umeshalivika sanda. Maziko saa ngapi?”

“Kesho saa nne. Uje uchimbe, ndiyo kazi yako.”

Alicheka mpaka akakaa chini.

Hadija, aliyekuwa akichambua mchele, hakucheka. Alingoja mgeni aondoke, akaniuliza polepole, “Mama, ukianguka tena?”

“Nitainuka nimalize. Mwaka jana sikuinuka, nilingoja kubebwa. Lile ndilo kosa.”

Akarudi kwenye mchele wake, akaokota kijiwe, akakitupa mbali kuliko ilivyohitajika.

Naogopa. Tazama herufi zangu zilivyopinda.

Lakini nakimbia. Wacheke, wanaojua kucheka. Mwanangu aone mama yake anamaliza, hata kama ni wa mwisho, hata kama ni kwa kuchechemea.

Basi wewe goti, yaliyobaki ni yako. Nakuomba majibu upesi, kabla ya adhana ya alfajiri. Ukisema ndiyo, tutakwenda pamoja. Ukisema hapana, nitakukaza zaidi, na tutakwenda vilevile.