Mayu Limi Amefunga Mkoba, Mimi Naondoka Peke Yangu

Shikamoo Bi Mwamvua,

Nakuandikia kutoka Ujerumani, mimi ni sista Mkatoliki, mzaliwa wa Ibadakuli hapo Shinyanga, na safu yako kaka yangu Edson hunitumia kwenye simu, naisoma nikicheka matatizo ya watu, sikujua kama ipo siku nitaleta langu, lakini nisaidie mama, kwa sababu hata kukaa kwenye kiti siku hizi siwezi, nakaa, nasimama, nakwenda dirishani, narudi.

Shirika letu lilinituma huku kuwahudumia masista wazee, na mmoja wao ni Sista Gertrud, Mjerumani, ambaye alikuwa muuguzi Rwamgasa, kule kwetu kwenye machimbo ya dhahabu, tangu ujana wake mpaka alipozeeka, watu wa kule wakampa jina la Limi, sasa akili imechoka, Kijerumani kimemtoka karibu chote, amebaki na Kisukuma, na katika nyumba hii nzima anayemwelewa ni mimi tu. Asubuhi namsalimia, "Mwangaluka, mayu," yaani umeamkaje mama, naye anaitikia, anakula, ananyoosha mkono nimvalishe, lakini akishikwa na mwingine anakaza mwili na kugoma.

Tangu Majilio yaanze amekuwa akilia kwamba Noeli inakaribia naye hajaenda kaya, yaani nyumbani, watoto wa Rwamgasa wanamngoja, na siku moja alilia mpaka nikashindwa, nikamwambia, "Nyamaza mayu, tutakwenda wote." Nilitaka tu alale. Kumbe yeye anayesahau kama amekunywa chai, hili hakulisahau, akafunga mkoba, ametia kanga yake kuukuu, rozari na biskuti anazozificha mezani kwa ajili ya hao watoto, na kila siku baada ya sala ya asubuhi anavaa koti na kukaa mlangoni, nikipita ananiuliza, "Gari limefika?" nami nasema bado.

Sasa Bi Mwamvua, mimi kweli nakwenda nyumbani, nimepewa likizo ya Noeli, ya kwanza tangu nije huku, na siwezi kuiahirisha kwa sababu mama yangu macho yanafifia, daktari amesema hayatarudi, na ameniambia kwenye simu, "Njoo nikuone ng'wanone, mwanangu, mwakani nitakupapasa tu." Mama mkuu wa nyumba, ambaye ni mtu mwema, ananishauri nitoke alfajiri kwa mlango wa nyuma bila kumuaga mzee, anasema atakuwa amesahau kabla ya chakula cha mchana. Nikifikiria kutoroka naona aibu, nikifikiria kubaki namwona mama yangu, nikifikiria kumwambia mzee ukweli ulimi unakufa ganzi. Nifanye nini?

Sista asiyetulia, Ujerumani

*

Marahaba mwanangu. Una padre wa kukuungamisha na mama mkuu wa kukuamuru, halafu unakuja kuuliza kwa mwanamke wa Kiislamu mwenye duka la vitambaa? Haya. Kaa kwanza kwenye hicho kiti, tuongee.

Nyumbani utakwenda, hilo tulimalize. Macho ya mama yako hayangoji likizo ya mwakani, na sitaki kusikia habari ya kubaki.

Nimekuonea huruma, lakini pia umenikera. Ulimdanganya mtu mzima, tena kwa lugha pekee aliyobaki nayo. Unasema ulitaka alale. Ulitaka na wewe ulale. Na kila asubuhi ukimwambia "bado," unaurudia uongo uleule huku yeye amevaa koti.

Mama mkuu wako nampa heshima zake, ila huyo mzee kwa sasa haishi Ujerumani, anaishi Rwamgasa. Na huku kwetu mgeni hatoki nyumbani kwa mtu kimyakimya kana kwamba ameiba kuku. Anaaga, anasindikizwa mpaka njiani, na aliyesindikiza ndiye anayerudi kulinda nyumba. Limi amesindikiza watu miaka yote ile, wagonjwa waliopona na ndugu wa waliokufa, hilo haliwezi kuwa limemtoka. Wewe ndiye uliyemfanya abiria, sasa anangoja gari. Mfanye mwenyeji.

Asubuhi ya safari, akishakula, piga magoti mbele yake umwambie kwa Kisukuma: mayu, nilikosea, hatuendi wote, nakwenda mimi, naomba unitume. Pengine atalia. Mwache alie, usimbembeleze kwa uongo mwingine. Kisha mwombe huo mkoba uupeleke wewe. Biskuti zitakuwa zimesagika, peleka hivyohivyo. Halafu akusindikize hadi getini akiwa ameshikwa mkono na sista mwenzako, ambaye kuanzia leo utamfundisha kusalimia mwangaluka na kushukuru wabeja, maana hilo nalo ni kosa lako. Umependa kuwa wa pekee kwa mzee wa watu, sasa unaona matokeo yake.

Ukifika Ibadakuli, kaa mbele ya mama yako akutazame mpaka achoke. Noeli ikipita, panda gari uende Rwamgasa. Wapo kule wachimbaji wenye ndevu waliozaliwa mikononi mwa Limi. Wagawie biskuti, uwape simu wamsalimie, kila mmoja ataje na jina la mama yake.

Unaniuliza, na akisahau kabla ya mchana? Asahau. Wewe utakuwa umeaga, na kiti utakikalia.

Pale getini atataka kukufuata. Mwambie, "Rudi mayu, nyumba isibaki peke yake." Msubiri ageuke yeye kwanza, ndipo uende.