Sufuria ya Kijani

Muasya,

Chakula chako kiko kwa sufuria ya kijani. Kuku wape maji. Mpangaji wa chumba cha pili bado analalamikia bomba, mtafutie fundi leo.

Juni inaisha na wewe unayenijazia kila mwaka uko kimya, kwa hivyo jana nilienda saiba ya kompyuta ya hapo stejini mwenyewe, nijaziwe ritani za kodi za KRA kabla siku hazijaisha. Msichana wa pale akafungua akaunti yangu, akanigeuzia skrini: miaka mitatu, mapato hakuna. Akaniuliza mbele ya foleni nzima, "Shosh, kwani wewe hula nini?" Watu wakacheka.

Nimefundisha hesabu miaka thelathini na moja. Pensheni inaingia kila mwezi, na wapangaji wote watatu wanalipia mkononi mwako. Bado ukaniandika mtu asiye na kitu, kwa sababu hiyo ndiyo fomu ya dakika mbili. Kila mwaka nikikuuliza, unasema, "Mathe, nilimaliza kitambo."

Naenda tao, kwa ofisi ya KRA, kurekebisha. ~~Ukiamka mapema, nifuate.~~ Usinifuate. Paswadi nimebadilisha.

Na hiyo sufuria usihangaike kuipasha. Ndani nimekuwekea kile uliandika niko nacho.

Mama yako