Antene Yangu Haikatwe!

Jumatatu, 5/2/2024

Telefone zote kimya tangu pilone, ule munara wa rezo, ichomwe na vita. Sasa Muheto yote inakumbuka kama miye Floribert niko na phonie, redio ya kuitana mbali! Zamani balikuwa nacheka — mzee na sanduku yake ya kelele. Leo banapiga mustari ku mulango yangu.

Asubuhi nilimusikia Isidore, ule wa phonie ya Walikale. Sauti wazi, kama iko mu jikoni yangu. Anasema: Muheto, Muheto, mama Léontine anauliza kama barabara ya Nyabiondo iko muzuri. Anataka kurudia nyumbani.

Léontine njo muke yangu. Alienda kule kusaidia binti yetu Mamie, amezaa. Na barabara haiko muzuri hata kidogo! Bantu ya bunduki balishuka pale, balitia barieri, moto, ni kusema pikipiki, yenye inapita banaikamata na bantu yake.

Nikajibu: Asikuye! Abakie kwa Mamie! Nikapiga kelele mpaka koo ikauma.

Isidore anasema: Muheto, haunisikie?

Miye namusikia! Yeye njo kiziwi!

Jumanne, 6/2/2024

Ile ile. Anaita, najibu, hasikie. Anafikiri nimelala. Miye! Nilianza phonie wakati ya Zaïre, yeye hajazaliwa. Nilikuwaka naongea na Kisangani, bananiitika mara moja, banasema ule wa Muheto ana sauti ya simba.

Dawa naijua. Walikale iko mbali, basi antene irefuke. Nyuma ya Noeli niliongeza waya kidogo. Leo nimeongeza tena, ile ya uzio ku lupango ya ng'ombe, pande zote mbili. Hakuna antene murefu kama yangu mu Masisi yote!

Isidore? Kiziwi kupita jana.

Jumatano, 7/2/2024

Kétsia, binti yangu mukubwa, amefika na bwana yake Delphin. Ule anatengenezaka ma-ordinateri, zile kompyuta, kule Masisi-centre. Kichwa yote imekwisha nywele lakini heshima anayo. Mukwe wa kweli. Hajaniongelesha hata siku moja uso kwa uso. Anaikala pembeni ya mulango, anamugeukia bibi yake: Kétsia, uambie Papa kama nimeleta kamashini ka kupima antene. Miye najibu: Kétsia, ambia bwana yako kama antene yangu haina ugonjwa.

Kamashini yenyewe! Kanaingia mu kiganja. Plastiki tupu, ka bei ya jogoo. Anakafunga na waya ku ordinateri. Kisha anatoa vifuniko vitatu vidogo, anafunga kamoja pale antene inaingiaka, anakatoa, anafunga kengine. Antene iko inje, yeye anapima hewa!

Nikauliza. Kétsia anasema: Papa, anafundisha kwanza mashini, isiseme uongo.

Ati nini! Mashini yenye haijajua kazi njo inakuya kunifundisha miye!

Kisha akafunga antene. Ku ekra, kioo ya ordinateri, mustari ikashuka kama bonde, ikapanda tena. Delphin akaangalia, akaongea polepole mu sikio ya Kétsia. Kétsia akaangalia chini.

— Sema!

— Papa, anasema bonde ingepaswa kuwa pale pa frekanse yetu, namba yenye tunaongeleaka. Iko mbali, ku kushoto. Sisi tuko juu ya mulima. Nguvu ya phonie inarudi nyuma, haitoke. Sauti ya Isidore inaingia, yako inabakia humu. Sababu waya ni murefu sana. Anaomba tuikate.

Kuikata! Antene yangu! Masisi yote ni milima na mabonde, nilizaliwa mu bonde, sasa naonyeshwa bonde mu ordinateri! Antene yangu haikatwe. Nimetoka inje kwenda kuangalia ng'ombe.

Alhamisi, 8/2/2024

Isidore ameita. Léontine anatafuta moto ya kumuleta.

Nilipiga kelele tena. Bure.

Kétsia amenikemea kama mutoto. Papa, unataka Mama akufe sababu ya waya? Nikamufukuza mu jikoni. Delphin anaona yote, ana pense, koleo ya kukata waya, mu mufuko. Mukwe hawezi kushika kitu ya baba-mukwe bila ruhusa, ile anajua. Sikumupa.

Ijumaa, 9/2/2024

Sikulala muzuri. Asubuhi nikasema: Kétsia, ambia bwana yako anipe ile pense.

Akakata nani? Miye mwenyewe! Kidogo huku, kidogo kule, sawasawa. Delphin anapima. Bonde inatembea ku kuume. Nakata tena. Anapima. Waya ya lupango yote ikaanguka chini, na ile ya Noeli pia. Bonde ikakaa pale pale pa frekanse yetu. Delphin akacheka na ukuta, sababu hawezi kucheka na miye.

Nikaita. Isidore akajibu mara moja!

— Eh, Papa Floribert! Nakusikia tano juu ya tano! Ulikuwa wapi?

— Niko hapa tangu zamani, kiziwi wewe! Ambia Léontine asikuye!

Isidore akashusha sauti.

— Papa... Mama alikwisha kuondoka na moto, bado giza. Alisema: bwana yangu namujua, kama kuko mubaya angepiga kelele. Amenyamaza, basi njia iko muzuri.

Nimenyamaza! Miye! Muntu gani hapa duniani aliwahi kusema kama Floribert alinyamaza!

Nikaita Kibua, sababu moto inapita pale bado haijafika ku barieri, na paroasi, kanisa ya pale, iko na phonie. Kibua, Kibua, simamisha moto zote, kuko mama na kitambala ya kijani ku kichwa! Hakuna jibu. Kibua! Nikashikilia buto ya kuongelea na nguvu yangu yote. Kibua!

— Papa, achilia buto! Haubaachie nafasi ya kujibu!

Ule ni Delphin. Mu uso yangu. Hakupitia kwa Kétsia.

Nimeachilia. Kibua alikuwa anajibu tayari. Alisema moto zimepita mingi tangu asubuhi, lakini kuko zengine zimesimama pale bananyweaka chai, tungoje akimbie kuangalia.

Tunangoja. Naandika, mikono isikae bure. Delphin amevuta kiti karibu, sikio yake ku phonie. Kibua hajarudi. Sasa Isidore anaingilia, anafunga njia ya sauti ya Kibua, anauliza kama namusikia muzuri.

Anyamaze, ule! Anyamaze!