Upepo wa Juu ya Mafinga

Jumanne, 8 Julai

Baridi ya Uyole hapa Mbeya leo haina adabu. Maji ya kuoga yameuma mpaka mifupa. Nimefika uwanja wa ndege kabla ya jua, nimesoma vipimo, nimeandika utabiri wa hali ya hewa wa asubuhi. Halafu kusubiri ndege ndogo ya Iringa ipae.

Siku hizi hicho ndicho kipande cha kazi ninachokipenda. Tangu ndege hiyo ya Bwana Dinesh ifungwe kifaa cha majaribio chini ya bawa, kila ikipanda na kushuka inanitumia upepo, joto na unyevu wa huko juu. Zamani nilikuwa nakisia hali ya juu ya milima nikiwa chini. Sawa na kuonja chumvi ya mchuzi kwa kunusa.

Kapteni Anyosisye, rubani wake, amerudi mchana. Nikamuuliza habari za njiani. "Nzuri tu, dada." Kifaa kinasema ametikiswa vibaya juu ya Mafinga. Najua tulivyolelewa, hata msibani mtu hujibu nzuri kwanza. Lakini sikuwa namsalimia, nilikuwa kazini! Nimeudhika mpaka chakula kimenishinda.

Alhamisi, 10 Julai

Onyo langu la jana la upepo mkali juu ya Mafinga lilikuwa sahihi. Kifaa kimethibitisha. Nimefurahi peke yangu kama mwehu.

Bwana Dinesh hakufurahi. Amepiga simu kutoka dukani kwake Iringa. Anasema abiria wakisikia neno onyo wanakimbilia basi. "Kabla ya hicho kidude hewa ilikuwa nzuri, dada Tumaini." Anataka king'olewe wiki ijayo. Majaribio hayajaisha, lakini ndege ni yake na alikubali kwa hiari.

Kikitoka sina kingine. Ndege kubwa za Dar hupita juu mno. Nitarudi kukisia, na watu watapanda kwa makisio yangu. Naogopa kuliko ninavyoonyesha.

Jumamosi, 12 Julai

Ndege imerudi jioni na mambo. Upepo wa kusini-mashariki umeongezeka ghafla juu ya vilele. Hewa ya joto imelala juu ya ile ya baridi kama kifuniko cha sufuria. Upepo ukibanwa hivyo unavuka milima ya Mufindi na kuporomoka upande wa pili, pamoja na chochote kinachoruka humo.

Nimeandika onyo kali la kesho. Nikikosea, Bwana Dinesh atakuwa na sababu anayoitafuta.

Jumapili, 13 Julai

Asubuhi anga jeupe, bendera haichezi. Abiria wananitazama kama mwizi wa kuku.

Kapteni amesoma onyo langu mara mbili. Akaenda kwenye ndege, akaizunguka, akarudi. Akasema haruki. Sikutegemea hilo hata kidogo.

Bwana Dinesh amefoka kwenye simu mpaka Kapteni akaisogeza mbali na sikio. Sote tulisikia. Kisha Kapteni akasema, taratibu kabisa, "Bosi, pale Mafinga mimi naogopa. Miaka yote naogopa, basi tu sisemi." Akakata simu. Mzee mzima yule. Nilitaka kumshukuru, nikaishia kumuuliza kama amekula.

Jumatatu, 14 Julai

Nani atasema kama nilikuwa sahihi? Ndege pekee ya kunipimia ilishinda imeegeshwa mbele ya macho yangu. Kwa jana, kule juu, hakuna namba hata moja. Nimempigia mdogo wangu aliyeko Kihesa, Iringa, kumuuliza kama kulivuma. Alikuwa kanisani, hajui. Hata angejua, upepo wa Kihesa si upepo wa juu ya Mafinga.

Huenda nimewaokoa watu. Huenda nimewapotezea Jumapili yao bure. Onyo likisikilizwa linaondoka na ushahidi wake. Nimeliwaza hili siku nzima na sijapata faraja.

Ujumbe wa Bwana Dinesh: fundi anakuja Ijumaa kung'oa kifaa.

Jumatano, 16 Julai

Amepiga tena. Nilijiandaa kugombana, Mhehe mimi. Lakini sauti ilikuwa ya chini. Mama yake yuko Mbeya kwa wajukuu, anarudi Iringa Jumamosi. Mgongo wake hauwezi basi. Akaniuliza hali ya hewa itakuwaje.

Nikamwambia ukweli. Leo sijui. Ndege ikirudi Ijumaa jioni na kifaa chake, nitajua. Bila kifaa nitakisia, kaka, na nitakisia juu ya mama yako.

Akajibu, "Haya, dada." Sijui ni haya gani.

Jumamosi, 19 Julai

Fundi hakuja jana. Hakuna aliyenieleza, nami sikuuliza. Namba za jioni zilionyesha upepo umelegea, kifuniko kimeondoka. Nimeandika kwamba njia ni shwari. Nimegundua kuandika shwari kunatisha kuliko kuandika onyo. Nimesoma namba upya, na upya tena, ndipo nikatuma.

Mama yake Bwana Dinesh amekuja na sweta juu ya sari. Kapteni amemshika mkono kwenye ngazi, wakapanda polepole wakicheka jambo.

Nimekaa mbele ya skrini. Namba zikaja, mstari baada ya mstari, ndege ikipanda. Baada ya Makambako, Mafinga ikikaribia, nilisimama. Juu ya Mafinga upepo mdogo, hakuna mtikisiko. Kisha zikaanza kushuka kuelekea Iringa, zikakoma ndege ilipotua.

Nimechemsha chai. Nimeanza utabiri wa mchana.