Kompyuta Zilizowaka Zenyewe Jumatatu

Kaka Ambakisye,

Jumamosi tulikuzika Ikuti, mvua ikinyeshea migomba ya baba yako, na udongo niliutupa kwa mkono wangu mwenyewe. Kwa hiyo nilijua haupo. Nilijua kabisa. Ila Jumatatu asubuhi nilipofungua ofisi ya ushirika hapa Ibighi, nilikuta kompyuta zote zinawaka, na hakuna mtu aliyezigusa.

Nilisimama mlangoni, funguo mkononi. Kila skrini ilikuwa ya bluu, asilimia zinapanda: ya mhasibu, ya masjala, hata ile kuukuu ya stoo. Mama Tumaini, mhasibu wetu, aliingia nyuma yangu.

"Nani kawasha?"

Akasema kumbukumbu za wakulima zinafutika, akainama chini ya meza achomoe waya wa umeme. Nikamshika mkono.

"Mama, acha. Ni Ambakisye."

Ungeuona uso wake. Alikaa sakafuni.

Ndipo nikakumbuka ulivyoshinda kwenye seva, ile kompyuta kuu yetu, wiki ile ya mwisho. Uliniambia, "Neema, nimechoka kuzunguka na flashi meza kwa meza. Nataka seva iziwashe mashine zote, zipokee mfumo mpya kwa mpigo mmoja, watu wakifika kazini wakute tayari." Nilijua unaandaa. Sikujua umeshaipangia siku. Na ulikuwa ukisema kila mara, "Ikishaanza, iache imalize. Ukiikata katikati ndiyo unaiua."

Lakini mafaili, kaka? Ulishayahamisha? Meneja alifika akaniuliza kama nina uhakika. Nikamwambia, "Sina. Ila namjua aliyepanga."

Akavuta kiti, akakaa. Tukasubiri.

Mashine zikazima, zikawaka upya, na kwenye kila skrini yakatokea maneno yale yale: "Karibuni kwenye mfumo mpya. Mafaili yenu yako salama. Chochote kikikwama, niiteni. Ambakisye."

Skrini zote. Kwa pamoja. Mama Tumaini alitoka nje, nikamsikia analia kwa Kinyakyusa. Mimi hata kulia nilishindwa. Nilifungua faili la wakulima, majina yote yapo. Nikalifunga. Nikalifungua tena.

Mchana meneja aliniita pembeni, akasema taratibu, "Binti yangu, ule ujumbe uondoe. Watu hawawezi kufanya kazi."

Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba kwenye seva unabadilisha mahali pamoja tu, ofisi nzima inafuata. Nilikaa mbele ya hapo mahali pamoja mpaka chai ikapoa kwenye kikombe. Kulifuta jina lako kila meza kulihitaji kubonyeza mara moja. Kaka, sikuwahi kufikiri kazi yetu ina ukatili wa namna hiyo. Urahisi tulioutafuta wote wawili, nikauona siku hiyo na kuuchukia.

Nilibonyeza. Pale palipokuwa na jina lako nikaandika langu, maana lazima wawe na wa kumwita.

Sijui nilitaka nini hasa. Labda upate simu ukiwa huko, niseme imekubali, kaka, zote zimekubali, na nikusikie unavyocheka kwa pua.

Limebaki tawi la Kyimo. Ndiko ulikokuwa unatoka siku ile, lori likakugonga na pikipiki yako kwenye ukungu. Nyaya ulizovuta bado zinaning'inia ukutani, ncha zake hazijafungwa. Meneja alitaka kuita fundi kutoka Mbeya, nikakataa. Barabara ile naiogopa, sikufichi. Nitapita hivyo hivyo wiki ijayo, na sitarudi mpaka mashine ya mwisho iwake.

Lala, kaka yangu. Ndaga fijo, asante sana kwa yote. Usihangaike tena na huku, nipo.

Mdogo wako wa kazini,
Neema