Ng'ombe Tuliowaficha

Emilian mjukuu wangu,

Mvua mbili zimepita hujakanyaga Karatu! Umeota mizizi huko Endulen? Maharage tumevuna bila wewe.

Dada yako Penina, anayeniandikia haya, kanipasulia ukweli: una mchumba Mmaasai, Nasha, na unaogopa nitamkataa. Mjinga wewe! Zamani sisi Wairaqw tulichimba nyumba ardhini, majani yakaota juu ya paa, ili babu zake wakija kuteka mifugo wasiwaone ng'ombe wetu. Sasa tutawaswaga wenyewe, mchana kweupe, mpaka bomani kwao, tukalipe mahari. Wazee wake watacheka, nami nitacheka kuwazidi.

Mlete Jumapili. Apite zizini kwanza, achague ng'ombe mwenyewe. Wewe tangu utoto hujui ng'ombe mzuri.

Bibi yako anayekungoja,
Cresensia