Jicho la Kushoto

Alhamisi, Julai 2017. Bellevue, Johannesburg. Baridi kavu, jua lipo lakini halina kazi. Hali yangu leo: hakuna. Si nzuri wala mbaya.

Kwa anayepita kwenye blogu hii mara ya kwanza: nafanya kazi Randburg, kwenye duka linalonunua mabango ya zamani ya filamu za Marekani, linayakarabati na kuyauza. Yanafika yamekunjwa mara nane, yametoboka kwenye mikunjo. Tunayabandika juu ya kitambaa, kisha mimi najaza palipochanika kwa rangi ya maji na penseli. Kazi ikiwa nzuri, mkono wangu hauonekani.

Mwishoni nachapa kadi ya kuweka chini ya fremu. Jina la filamu, mwaka, halafu: Mchoraji hajulikani. Walikuwa waajiriwa, wengi hawakuruhusiwa kutia saini. Zamani niliwatafuta mtandaoni wakati wa chakula cha mchana. Siku hizi nakula tu.

Wiki hizi tatu nimekaa na mwanamke wa kofia nyekundu. Panya walikuwa wamekula jicho lake la kushoto na nusu ya shavu. Nilichora jicho, nikafuta, nikachora tena, mara nne, mpaka likakubali kumtazama mtu.

Leo mnunuzi amekuja kuliona bango, mzee mpole kutoka mtaa wa Observatory. Alisimama mbele yake muda mrefu. Akamwambia bosi kwamba siku hizi hakuna tena mtu wa kuchora jicho namna hii, na kidole chake kilikuwa kwenye la kushoto. Bosi alitabasamu tu. Mimi nilikuwa nimeshika pembe ya chini. Mzee akanigeukia, akaniuliza kwa upole kama na mimi huwa nachora.

Nikasema hapana.

Hakuna aliyenilazimisha. Neno lilitoka lenyewe, kama mtu anavyojibu "salama" huku ana homa. Nikaendelea kushika pembe yangu.

Baba yangu huchora vibao vya maduka kule Bukavu, na yeye aibu hiyo hana. Jina lake chini ya kibao ni kubwa kuliko la mwenye duka. Kinyozi mmoja alilalamika kwamba wateja wanaingia wakimwita yeye kwa jina la baba. Tangu mwaka jana baba ananiomba picha ya kazi yangu, aone jina nililoandika. Nimemdanganya vya kutosha: simu mbovu, bosi hataki, bado sijamaliza. Leo, baada ya ile hapana, nilipiga picha ya mwanamke wa kofia nikamtumia. Sikuongeza neno.

Ujumbe wake wa sauti ulifika nikiwa naosha brashi.

"Jina sikuione. Lakini ile jicho ya kushoto, ni weye njo uliichora. Unaanziaka na kope ya chini. Na kwa vile vibao vyetu vya ba-coiffeur, macho yote ilikuwa yako, mutoto yangu. Miye niliandikaka jina yangu tu."

Ni kweli. Tangu nikiwa na miaka kumi na miwili, kwenye vibao vya vinyozi yeye alichora vichwa na mitindo ya nywele, macho akaniachia mimi kwa sababu mkono wake una haraka. Kisha aliandika jina lake, mimi nikimshikia kopo la rangi. Sikuwahi kuona kuna neno hapo. Labda ndipo nilipojifunza kusema hapana.

Nimemsikiliza mara tatu. Ningependa kuandika kwamba nililia. Nilisuuza brashi, nikazianika dirishani, nikarudi nyumbani.

Mnunuzi atakuja kuchukua bango Jumatatu. Kadi bado haijachapwa. Bosi atakasirika, najua, na kazi Johannesburg haiokotwi barabarani. Hata hapa kwenye blogu nimeandika miaka miwili bila jina. Basi ngoja nijaribu hapa kwanza:

Mchoraji hajulikani. Jicho la kushoto na nusu ya shavu: Faida Nabintu, Bellevue.

Nimelisoma jina kwa sauti. Sijahisi kitu.

Jumatatu nitaichapa kadi hivyo hivyo, nihisi nisihisi.